Ua Lisilonuka

Bwana Afya ndiye aliyenifundisha kuona kinyaa, na mtu wa kwanza niliyemwonea kinyaa sawasawa alikuwa yeye.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo gani. Mwenyewe hakupenda maswali hayo; alisema mtu hujulikana kwa choo chake, si kwa babu yake. Tulipakana naye upande wa juu wa Sumbawanga, kwenye njia ya kwendea Kasense, na ukuta wa tofali mbichi uliotutenganisha ulibomoka upande mmoja kila masika, kwa hiyo tulijuana kuliko tulivyotaka. Cheo chake ndicho kilichokuwa jina lake. Hata mkewe alimwita hivyo: "Bwana Afya, njoo ule." Naye hakwenda mpaka aone sufuria limefunikwa.

Ukimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba. Umenawa?" Hayo yalikuwa maneno mawili yaliyoshikana, hayakuachana hata msibani. Aliingia kwa wafiwa, akashikana mikono na kila mtu, akatazama vidole vya kila mtu. Harusini hakula pilau. Mfukoni mwa koti alikuwa na yai la kuchemsha, na watu wakianza kupakuliwa yeye alilibanja kwenye ukingo wa kiti akala taratibu, akisema yai ndilo chakula pekee ambacho Mungu mwenyewe alikifungia mlango. Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo. "Nzi hana likizo." "Ukiona kikombe kinang'aa, kiulize kilifutwa kwa kitambaa gani." Wanafunzi wenzangu walimwiga, mashati nje, wakipita dirishani kwetu: "Oya mshikaji, umenawa?" Akawasikia, akafurahi. Alidhani wameelimika.

Pua yake ilijulikana mjini kama watu wengine wanavyojulikana kwa sauti. Akisimama mlangoni mwa hoteli, mwenye hoteli alianza kutoa jasho. Hakugusa kitu, alivuta hewa, akafumba macho, akasema, "Jiko lako lina panya aliyekufa, nyuma ya gunia la mkaa." Na kweli wakamkuta. Nilikuwa mdogo na niliona hiyo ni karama, kama ya wale wanaosikia maji chini ya ardhi. Baadaye nilielewa ilikuwa adhabu. Mtu yule aliishi ndani ya harufu za watu wote, bila mlango wa kutokea.

Sasa nieleze pipa.

Nyuma ya nyumba ya mtu msafi kuliko wote Sumbawanga kulikuwa na pipa la lami lililokatwa juu, na ndani yake kitu kisichokuwa na jina. Samadi aliipata kwa Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Vichwa vya migebuka, wale samaki wa ziwani, waliokaushwa alivipata kwa wachuuzi wa Kipili, vikiwa vimeshaingia funza njiani. Damu aliileta mwenyewe kutoka machinjioni, kwenye ndoo yenye kifuniko, kila alipokwenda kukagua. Alivikoroga kwa mpini wa jembe, akaongeza majani yaliyooza, akaacha. Juu ya pipa palitanda ngozi ya kijivu, ikipumua. Jua likipanda, ngozi ile ilipasuka na kutoa povu, na harufu ikavuka ukuta ikaingia kwetu, ikakaa kwenye unga, kwenye mashuka, kwenye nywele. Nimewahi kusoma mashairi ya maua. Hakuna shairi lililotaja pipa.

Mkewe aliondoka kwa sababu ya pipa. Alimwambia Mama wazi, huku akifunga mzigo, "Mama Jeni, mimi niliolewa na mtu wa afya. Siwezi kulala na maiti."

Na vyote hivyo vilikuwa kwa ajili ya ua moja.

Mbegu alipewa na Sista mzee wa misheni alipokuwa anarudi kwao kufia huko. Zilikuwa ndani ya kikopo cha filamu, nyeusi, ndogo kama ugoro. Ungepiga chafya ungepoteza shamba zima. Sista alimwambia ua hili ni ndugu wa mbali wa lile linalotoa kasumba, lakini hili halileweshi mtu; kwao huota milimani, penye ukungu na kivuli, na likishika udongo hurudi mwaka hadi mwaka. Alimwambia ni la bluu, bluu kweli. Kisha akamwambia neno ambalo Bwana Afya alilirudia kwetu mpaka tukalichoka: halina harufu. Hata kidogo.

"Mama Jeni," alisema siku hiyo, ameegemea pale ukuta ulipobomoka, "miaka yote hii nimechungulia mashimo ya watu. Waridi linanuka. Yasmini inanuka, tena ile inanuka kama mtu anayeficha jambo. Nataka kabla sijafa nikae na kitu kizuri ambacho hakinifuati puani."

Mama alikuwa anapepeta ulezi. "Kaa na jiwe," alisema.

Hakuwa mtu wa kukaa na jiwe. Alisubiri Juni, wakati upepo wa Ufipa unapopita juu ya nyasi kavu na kuingia mifupani, kwa sababu mbegu zile, alisema, lazima zidanganywe kwamba zimelala baridi ya kwao. Alijaza udongo kwenye sanduku la sabuni, akazinyunyiza juu bila kuzifukia, akanywesha sanduku kwa kuliketisha kwenye karai la maji ili zisisombwe. Ziliota zote, ukungu wa kijani. Baada ya siku chache zikaoza shingo, zikalala chini kama waumini, zikawa uteute. Mwaka uliofuata aliuchemsha udongo. Nasema kweli: aliuweka kwenye sufuria, juu ya mafiga, akaukoroga na mwiko, na Mama akamwita kutoka upande wetu, "Bwana Afya, nikuletee chumvi?" Lakini miche ikasimama. Ilikuwa na majani yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, kama masikio ya ndama, na umande ulikaa juu ya manyoya yale mpaka saa nne.

Akaihamishia chini ya misindano, ile miti yenye majani kama sindano. Misindano ile haikuwa yake; ilikuwa imesimama kwenye kiwanja cha ghala la ushirika, upande wa magharibi, na matawi yake yalitupa kivuli uani kwake kuanzia adhuhuri. Tuta alilitengeneza kama tunavyotengeneza ntumba shambani: nyasi chini, udongo juu, ziozee humo na kuipa mizizi uji. Kisha akamwagia pipa. Alfajiri alitoka na kopo la chumvi, akachuma konokono uchi, wale wasio na gamba, mmoja mmoja kwa vidole, wakiwa wametoa pembe, akawatumbukiza. Niliwasikia wakichemka. Akaniona, akanionyesha kopo lenyewe, lile povu la manjano, macho yakimng'aa.

"Unaona, Jeni? Hiki ndicho kinachokula uzuri."

Nilitapika ukutani. Aliniambia ninawe.

Neno bluu lilitutesa. Kwetu, wakati ule, bluu ilikuwa kitu kabla ya kuwa rangi: ile ya unga, ya kufulia, unayoifunga kwenye kitambaa na kuisuuza na mashati ya shule ili yawe meupe. Bwana Afya aliposema anaotesha maua ya bluu, mtaa ulielewa kwamba anayaotesha kwa bluu. Wengine walimwonea huruma, mtu mzima na kazi yake, anapaka maua rangi. Alipokwenda Namanyere kwa kazi alimwachia Mama amwagilie. Mama ni mtu mwema na hapendi kufanya kazi nusu. Alinunua pakiti nzima, akaikoroga kwenye ndoo, akamwagilia asubuhi na jioni, majani na mizizi, ili jirani akirudi akute rangi imekolea.

Alirudi akasimama mbele ya tuta lake. Majani yote yalikuwa ya bluu, na chini ya bluu yalikuwa yanakuwa ya njano. Mimi na Mama tulisimama pale ukutani, Mama akisubiri asante.

"Mama Jeni," alisema polepole, "umeyafua maua yangu."

"Si ulisema ya bluu?"

Akamtazama. Akatazama majani. Kisha akacheka, kicheko kikavu kama cha mtu anayebanja yai, na machozi yakamtoka. "Basi yaanike," alisema. Alichemsha maji, akayapoza, akaosha jani moja moja kwa pamba. Mengi yalikufa. Ilibaki miche mitatu, na hakuwahi kumlaumu Mama, hata mara moja, hata siku ambayo angekuwa na haki ya kutafuta la kumlaumu.

Mwaka uliofuata miche ile mitatu ikatoa tumba. Mtaa ulikuja kuangalia. Tumba zilikuwa za kijani, zenye manyoya, zimeinamisha vichwa, na kwenye ufa mdogo wa moja ungeweza kuona uzi wa rangi. Bwana Afya akainama, akatoa kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, chenye ukucha mrefu, akazikonyoa zote.

Ukucha ule niueleze. Alikuwa anaufuga kwa kazi. Machinjioni aliutumia kutumbua nyama ya nguruwe, kuchokoa vile vifuko vyeupe vya tegu vinavyokaa ndani ya mnofu kama punje za mchele. Aliuosha kwa dawa, sikatai. Lakini nilipouona ukishuka kwenye shingo ya ua ambalo lilikuwa halijafunguka, nilihisi kama ameuingiza mdomoni mwangu.

"Kwa nini?" nililia.

"Ua la kwanza ni la tamaa," alisema. "Mche ukichanua kabla haujatia machipukizi pembeni, unachanua mara moja na kufa. Ukikonyoa, unarudi. Mimi sitaki la leo."

Hayo aliyasema katika miaka ambayo kila mtu alitaka la leo. Ilikuwa enzi ya ruksa. Mitumba ilishuka sokoni kwa marobota, ikinuka dawa na jasho la watu wasiojulikana. Vibanda vya video vilifunguliwa, na mbele ya kila nyumba yenye uso kwenye barabara paliota fremu ya duka. Ofisini kwake hapakuwa na glavu tena, wala mafuta ya taa ya kumwagia nyama mbovu, aliyanunua mwenyewe. Nguruwe ndiye alikuwa mfalme wa wakati huo, watu walimwita kitimoto na kumla wamesimama. Bwana Afya aliwakataa nguruwe wengi, akawamwagia mafuta ya taa na kuwafukia. Siku moja alirudi machinjioni akakuta shimo li wazi. Walikuwa wamefukua, wakaosha, wakauza.

"Watu wa mji huu wanakula taa," alimwambia Mama. "Sishangai, umeme hatuna."

Nyama iliyopita aliigonga muhuri, wa duara, wa wino wa bluu. Mama alinifundisha kuutafuta bucha kabla ya kitu kingine. Hakuwa amesoma sana, lakini muhuri ule aliusoma. Alisema hiyo ndiyo bluu pekee ya jirani yetu ambayo imewahi kuchanua, na aliiamini kama wengine wanavyoamini maji ya baraka.

Kisha ghala la ushirika likauzwa, na aliyenunua alikuwa mwenye bucha.

Alikuja kukagua kiwanja akiwa na mtu wa msumeno. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasikia kila neno, kwa sababu hakujali kusikika.

"Bwana Afya, misindano hii inaniziba. Nataka fremu tano hapa."

"Ikikatwa, mimea yangu itaungua. Nasubiri mwaka huu tu. Safari hii nitaiacha ichanue."

"Maua?" Mwenye bucha alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mcheshi. "Mzee, sisi ni majirani sasa. Majirani husikilizana. Mimi kesho nachinja nguruwe wa Pasaka, wengi. Nisingependa usumbufu. Siku hizi ruksa, bwana."

Bwana Afya alivuta hewa puani, kama alivyofanya mlangoni mwa hoteli. Nilijua amesikia harufu. Nilimwona ameisikia.

Kesho yake, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Mama alileta nyama yenye muhuri. Alinionyesha duara la bluu kwenye ngozi, zuri, halikuvuja. Ilikuwa inachemka na vitunguu wakati Bwana Afya alipovuka ukuta bila hodi.

"Mama Jeni, nyama hiyo ya wapi?"

"Ya hapo bucha. Karibu, leo ule kwangu, acha yai lako. Muhuri si wako?"

"Itoe motoni."

"Kha! Hata haijaiva."

Akalishika sufuria kwa mikono mitupu, akaenda nalo nje akimwaga mchuzi miguuni, akalipindua majivuni. Niliona minofu ikigaagaa kwenye majivu. Mikono yake ilikuwa imeungua naye hakuitazama.

"Nimegonga muhuri juu ya tegu," alisema.

Mama akatazama alikokuwa anatazama yeye, juu ya ukuta, na huko misindano ilikuwa imesimama mizima, inapeperuka.

"Kwa ajili ya miti?"

Akageuza uso, akatazama majivu.

"Haya, sisi umetuambia. Na wengine?"

"Ikichemka sana haina neno."

"Ungeichemsha ukala?"

"Nyinyi ni majirani zangu, Mama Jeni."

"Na wao ni nini?" Mama alipaza sauti. "Nzi?"

Hapo nilimwona usoni, na natafuta tangu siku hiyo neno la kile nilichokiona. Haikuwa aibu. Aibu ingekuwa na joto. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa choo cha watu, akajikuta yeye mwenyewe ndani. Na mimi kinyaa kilinipanda, si kwa nyama ile kwenye majivu, wala kwa pipa, wala kwa ukucha. Nilimwonea kinyaa kwa sababu alikuja kwetu. Kama asingekuja kabisa ningemwita mwizi na kumsahau. Lakini alijua sumu ni sumu, akachagua sufuria moja mji mzima, sufuria ambalo harufu yake ingemfikia uani.

Mama alifunga kanga kiunoni akatoka barabarani. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akipiga kelele kama palipofiwa: "Msile! Muhuri ni mwongo! Msile!" Wengine walimwaga. Wengine walishakula. Wengine walimwambia awaache, ni Pasaka. Kama kuna aliyeugua sijui. Tegu hana haraka.

Bwana Afya alinyang'anywa muhuri na kustaafishwa kwa manufaa ya umma. Mwenye bucha hakufanywa kitu. Misindano ilikatwa baada ya sikukuu, ikaanguka upande wa kwake, na jua la alasiri likaingia uani kama mdai. Nilipoondoka kwenda kusoma, miche miwili ilikuwa imeshakauka. Juu ya wa tatu alikuwa ametundika, kwenye vijiti vinne, koti zito la mtumba, koti la baridi la mwanamume fulani wa Ulaya, mikono ikining'inia huku na huku. Kwa mbali ungedhani mtu amepiga magoti anatafuta kitu alichodondosha.

Nilirudi baada ya miaka mingi, likizo. Mama alikuwa amezeeka na hajaacha kumpelekea ulezi, ingawa alimpelekea bila kuzungumza. Akaniambia, "Kamwamkie. Anakuulizia."

Nilivuka pale pale ukuta unapobomoka. Palipokuwa na misindano sasa palisimama mgongo wa zile fremu, ukuta wa matofali ya saruji, mrefu, bila dirisha. Ulikuwa umefunika ua wake wote kwa kivuli. Chini ya ukuta palitoka bomba la bucha, na maji ya kuoshea vibao, mekundu, yenye mafuta, yalichirizika mpaka kwenye tuta. Nzi walikuwa kama majani ya chai yaliyomwagika. Katikati ya uchafu ule lilikuwa limesimama ua.

Lilikuwa moja, pana kama kiganja, limeinama kidogo. Majani ya ua lenyewe, membamba, yalikuwa na mikunjo kama karatasi iliyokunjuliwa sasa hivi. Mama alikuwa na bluu yake ya kufulia, na hii haikuwa hiyo. Ilikuwa bluu ya muhuri kabla haujagusa nyama.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba," alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mdogo, koti lile la mtumba mabegani. Nilisubiri lile neno la pili. Halikuja.

"Umeliacha lichanue," nilisema.

"Miaka yote nimekonyoa, sasa mche hautoi tena machipukizi pembeni. Huu ni wa mwisho. Utachanua na kufa." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Unaona kivuli? Kizuri kuliko cha misindano. Mwenye bucha angekata, angejenga, kivuli kingekuja chenyewe. Sikuwa na haja ya kugonga chochote."

Alisema hivyo bila kujihurumia, kama anayesoma kosa la hoteli.

"Linuse," alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Pua yangu imekufa. Tangu masika ya juzi sisikii kitu. Pipa lipo pale, silisikii. Sista aliniambia halina harufu, nami sina namna ya kujua. Linuse uniambie. Usinidanganye."

Nilipiga magoti kwenye yale maji mekundu. Nilisogeza uso mpaka manyoya ya dhahabu yakanigusa. Huku nyuma yote yalikuwepo, damu, pipa, mafuta, lakini ndani ya ua lile palikuwa patupu, pasafi, kama chumba kilichohamwa.

"Halinuki," nilisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alifumba macho. Nzi akatembea kwenye shavu lake naye hakumfukuza. Kisha akauliza, bado amefumba, "Na mimi je?"

Nilimtazama. Koti lilikuwa limeganda kifuani. Ukucha ulikuwepo bado, umejikunja, mweusi.

"Unanuka, Bwana Afya."

Akatikisa kichwa taratibu, kama alivyofanya zamani, mwenye hoteli alipokiri juu ya panya. "Mama yako hataki kuniambia," alisema. "Ananiletea ulezi tu." Akainuka kwa shida, akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko, kati ya vidole, chini ya kucha, mkono mmoja kisha mwingine, jinsi alivyokuwa akinawa kabla ya kushika muhuri. Akarudi akanyoosha mkono uliokuwa bado unadondosha maji.

"Basi tusalimiane."

Nikampa mkono. Ulikuwa wa baridi, mlaini kama kitu kilichomenywa, na aliushika wangu kwa muda mrefu huku akitazama ua juu ya bega langu.

Nilivuka ukuta kurudi kwetu. Mama alikuwa mlangoni, akaniita nije kula. Nikamwambia angoje, nikachukua sabuni, nikanawa.